Beringi za mbele za MGB: yanayosemwa na ukweli wake

Ukiyaona kwa mbali, magari ya michezo ya Uingereza ya miaka ya 1960 hufanana: viti viwili, boneti ndefu, nguvu ya injini kwenda magurudumu ya nyuma. Ndiyo maana fundi aliyewahi kufunga beringi za mbele za Triumph Spitfire hudhani MGB nayo hufungwa vivyo hivyo. La hasha. Makosa mengi ninayoyaona kwenye habu za MGB, yaani vitovu vya magurudumu vinavyozunguka juu ya beringi, yanaanzia hapo.

Dhana: ulegevu wa beringi unarekebishwa kwa nati

Kwa Spitfire ni kweli. Unakaza nati kidogo huku unazungusha habu, kisha unairudisha nyuma upande mmoja kati ya pande zake sita, unatia pini ya kuizuia isizunguke, kazi imekwisha.

MGB, iliyotengenezwa Abingdon kuanzia 1962 hadi 1980, ina kitu cha ziada ndani ya habu. Kati ya beringi ya ndani na ya nje kuna bomba fupi la chuma, yaani spesa, na kwenye ncha yake ya nje hukaa shimu, zile pete nyembamba za chuma. Nati ikikazwa, pete za ndani za beringi zote mbili, spesa na shimu hubanwa zikawa kitu kimoja na ekseli. Nati imeshamaliza kazi yake hapo. Kinachoamua kama gurudumu litabana au litacheza ni unene wa shimu: ukiongeza shimu habu inalegea, ukipunguza inabana.

Ulegevu unaotakiwa ni inchi 0.002 hadi 0.004, yaani takriban milimita 0.05 hadi 0.10. Mkono hauwezi kupima hicho. Inatakiwa geji ya mshale, kipimo kinachoonyesha mwendo mdogo sana. Funga kwanza bila shimu na ukaze nati polepole mpaka habu ianze kugoma, ili pete za nje zikae sawasawa kwenye vituo vyake. Fungua, tia shimu za kutosha kuifanya habu icheze kupita kiasi, kaza nati, pima kwa geji, kisha ondoa unene uliozidi. Shimu zipo za inchi 0.003, 0.005 na 0.010, kwa hiyo ni hesabu ya kutoa tu. Inachosha, maana kila jaribio ni kufungua na kufunga upya, lakini ndiyo kazi yenyewe.

Wala usirudishe shimu za zamani kwenye beringi mpya ukaamini zitafaa. Beringi mbili zenye namba moja zinaweza kutofautiana unene kidogo, na hapa kidogo hicho ndicho tunachokitafuta. Pete ya nje iliyobaki ndani ya habu nayo itolewe. Beringi mpya huingia na pete yake.

Dhana: spesa ni usumbufu, itupe

Hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote, kwa sababu gari litatembea na mwenye gari hatajua. Hoja ya wanaoitupa ni kwamba Spitfire haina spesa na inakwenda vizuri. Lakini nati ya MGB imepangiwa kukazwa kwa nguvu ya futi-ratili 40 hadi 70, karibu Nm 54 hadi 95. Bila spesa, nguvu yote hiyo inaziangukia rola za beringi. Fundi akiogopa hilo ataiacha nati ikiwa imeguswa tu, na ekseli itapoteza ule mbano unaoisaidia kuhimili mzigo wa kona. Kiwanda kiliiacha spesa mahali pake. Nasi tuiache.

Dhana: habu ikibana kidogo ndiyo salama

Rola zilizobanwa huisukuma grisi pembeni, zinapata joto, na chuma hugeuka rangi ya bluu. Ukifungua habu ukaiona rangi hiyo, beringi hiyo haifai tena. Ulegevu uliozidi nao una madhara: diski huyumba na kuzisukuma pedi nyuma, na breki inayofuata pedali inashuka kuliko kawaida.

Dhana: gurudumu likicheza, beringi imekufa

Huenda ni kingpini, yaani nguzo ya chuma ambayo gurudumu la mbele hugeukia unapokata usukani. Inua gari, shika gurudumu juu na chini, litikise, kisha mwambie msaidizi akanyage breki. Mchezo ukitoweka, ni beringi. Ukibaki, acha habu, kagua kingpini na bushi zake.

Dhana: jaza grisi mpaka kwenye kifuniko

Grisi iingie ndani ya beringi zenyewe, katikati ya rola, na ipakwe kidogo kwenye nafasi iliyo kati yake. Kifuniko hakijazwi. Grisi iliyozidi hutafuta njia ya kutoka, na jirani yake ni diski ya breki.

Dhana: tundu la pini lisipolingana, legeza nati

Kwa Spitfire, sawa. Kwa MGB, usilegeze hata kidogo: anzia futi-ratili 40, kisha endelea kukaza mpaka tundu lifuatalo lifike, maadamu hujavuka 70. Ikishindikana, badilisha washa au nati. Pini iwe mpya kila mara, na kwenye magari yenye magurudumu ya spoku ipitishe kwenye tundu lililotobolewa ubavuni mwa habu kwa ajili hiyo.