Mbunge wa jimbo Marekani ni nani, na rekodi yake ya kura husomwaje

Novemba 2024, Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, alishinda kiti katika Baraza la Wawakilishi la Minnesota. Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wetu habari iliingia ikiwa tayari imenenepa: Mkenya yuko ndani ya Bunge la Marekani! Pongezi zikamiminika, na hazikupita dakika kumi shangazi mmoja akauliza kama sasa mambo ya viza yatakuwa mepesi.

Hapana, Shangazi. Viza ni shughuli ya serikali ya Washington, na kiti hiki kiko Saint Paul, makao makuu ya jimbo la Minnesota. Hongera ni halali kabisa, ila nyumba ni nyingine.

Mkanganyiko unaanzia kwenye neno lenyewe. Kwa Mtanzania, jimbo ni pale mbunge anapoombea kura, kama Jimbo la Kigoma Mjini. Hapo Mkenya husema eneo bunge. Lakini tukiizungumzia Marekani, jimbo ni mojawapo ya zile 50 zinazounda nchi, na kila moja ina katiba yake, gavana wake, mahakama zake na bunge lake. Kwa hiyo "mbunge wa jimbo" kwetu ni mbunge yeyote wa kuchaguliwa, na kule ni mtu anayekaa katika bunge la Illinois, la Texas au la Minnesota, wala si katika Bunge la taifa. Viti vya namna hiyo nchi nzima ni 7,386. Karibu kila jimbo lina mabaraza mawili, seneti na baraza la wawakilishi. Nebraska peke yake ina moja. New Hampshire, ambayo kwenye ramani inabidi uitafute, ina wawakilishi 400.

Wanatunga sheria gani? Za shule, polisi, leseni za udereva, kodi za jimbo, bima, na makosa mengi ya jinai hadi mauaji. Ndiyo maana kumlinganisha na MCA wa Kenya, yaani mjumbe wa bunge la kaunti, hakutoshi, maana bunge la kaunti haligusi sheria ya mauaji. Anayekaribia ni mjumbe wa Baraza la Wawakilishi Zanzibar, ambako kuna sheria zao wenyewe za adhabu huku mambo ya nje na ulinzi yakibaki kwa Muungano.

Mtego wa pili ni neno seneta. Illinois inapeleka maseneta 2 Washington, lakini ina maseneta wengine 59 wanaokaa Springfield, makao makuu ya jimbo, na hawa ndio maseneta wa jimbo. Mmoja wao, kuanzia Januari 1997 hadi Novemba 2004, alikuwa kijana mwanasheria ambaye baba yake alitoka Alego, Nyanza. Namchukua Barack Obama kama mfano kwa sababu kila mtu anajua alikoishia, na wachache wamewahi kuitazama ile miaka minane karibu.

Rekodi ya uchaguzi ya mbunge wa namna hii ni jedwali fupi: mwaka, kiti, chama, kura, asilimia. Ya Obama kwenye Seneti ya Illinois, eneo la 13 upande wa kusini wa Chicago, ina mistari mitatu ya uchaguzi mkuu. Mwaka 1996 alipata asilimia 82. Mwaka 1998, asilimia 89. Mwaka 2002, asilimia 100. Ukisoma haraka utasema huyu bwana alikuwa anapendwa kupita kiasi, na kila mwaka anapendwa zaidi.

Sasa isome polepole.

Eneo la 13 lilikuwa ngome ya Democratic, chama cha Obama. Mgombea wa Republican pale alikuwa kama mgombea wa upinzani katika kijiji ambacho hata mbuzi wana kadi ya chama tawala. Uchaguzi wa Novemba ulikuwa wa kukamilisha utaratibu. Kinyang'anyiro cha kweli kilikuwa mchujo wa chama mwezi Machi, ule ambao Watanzania huuita kura za maoni. (Jina linalosumbua, kwa sababu hilo hilo hutumika kwa kura ya wananchi kuhusu katiba.) Tofauti ni kwamba kule mchujo unaendeshwa na mamlaka ya uchaguzi, kwa sheria za jimbo, na chama hakina kamati kuu ya kukata jina baadaye. Basi ukitaka kujua mbunge alishindaje, anza na mstari wa mchujo. Kwa Obama, Machi 1996, mstari huo unasema asilimia 100. Alipita bila kupingwa.

Na hapa ndipo penye utamu, kwa sababu wapinzani walikuwepo. Kiti kilikuwa cha Alice Palmer, mwalimu na mwanaharakati aliyeheshimika, ambaye mwaka 1995 aliamua kugombea kiti cha Washington kilichoachwa wazi. Aliridhia Obama amrithi. Novemba mwaka huo Palmer akashindwa vibaya mbele ya Jesse Jackson Jr., na wafuasi wake wakamrudisha uwanjani kutetea kiti chake cha zamani. Obama akakataa kupisha. Siku za kukusanya saini zilikuwa zimebaki chache.

Saini hizo ni kitu cha kutazama kwa karibu. Ili jina liingie kwenye karatasi ya mchujo, mgombea alihitaji saini 757 za wapiga kura walioandikishwa ndani ya eneo lake. Palmer alipeleka kiasi cha 1,580, ambazo ni zaidi ya maradufu. Mwanzoni mwa Januari 1996 watu wa Obama walikwenda kwenye ofisi ya uchaguzi ya Chicago wakaanza kupitia karatasi mstari kwa mstari. Huyu hakuandikishwa. Huyu anaishi mtaa wa ng'ambo, nje ya eneo. Huyu ameandika jina kwa herufi za chapa, na daftari lina saini ya mwandiko. Mstari mmoja ukifa si kitu. Mamia yakifa, mgombea hana tena 757. Palmer akajitoa, na wengine watatu wakaondolewa kwa njia hiyo hiyo. Mpiga kura wa Machi alikuta jina moja tu.

Ilikuwa halali. Kama ilikuwa nzuri, ni mjadala mwingine. Mimi naona mtu aliyejenga jina kwa kuandikisha wapiga kura kuingia siasa kwa kuwanyima chaguo ni jambo lisilopendeza, na sheria kuruhusu hakulipendezeshi. Ninachotaka uone ni kwamba jedwali linaandika 100 na linanyamaza.

Kwa nini basi aligombea tena baada ya miaka miwili tu, 1998, halafu akakaa minne? Katiba ya Illinois inagawa kila miaka kumi katika vipindi vitatu kwa seneta: kwa maeneo mengine miwili, minne, minne, kwa mengine minne, miwili, minne, na kwa yaliyobaki minne, minne, miwili. Sababu ni sensa. Mipaka huchorwa upya kila baada ya sensa, na kwenye uchaguzi unaofuata maseneta wote 59 hurudi kwa wananchi kwa pamoja. Eneo la 13 lilikuwa na kile kipindi kifupi katikati.

Mpangilio huo ulimwokoa mwaka 2000. Machi mwaka huo Obama aliingia mchujo wa Bunge la Washington dhidi ya Bobby Rush, aliyekuwa zamani katika Black Panther, kundi la kupigania haki za Weusi, na mwenyeji wa mitaa ile. Rush alipata asilimia 61, Obama 30. Mtoto wa Rush alikuwa ameuawa kwa risasi Oktoba 1999 na huruma ya watu ilikuwa upande wa baba. Mwezi Desemba Obama akawa Hawaii na familia, binti yake anaumwa, na kura muhimu kuhusu bunduki ikapigwa Springfield yeye hayupo. Magazeti hayakumsamehe. Lakini kwa kuwa kipindi chake cha useneta kilikuwa kinaisha 2002, alishindwa Jumanne akabaki seneta Jumatano.

Kisha ikaja ramani mpya. Vyama viwili viliposhindwa kukubaliana mwaka 2001, sheria ya Illinois ilitaka jina lichomolewe kwa bahati nasibu kuamua chama gani kiwe na kura ya ziada kwenye tume ya mipaka. Likatoka jina la Democratic. Eneo la 13 likanyooshwa kaskazini kufuata ziwa hadi karibu na matajiri wa katikati ya Chicago, na Obama alikuwa na mkono katika kulichora. Novemba 2002 akapita bila kupingwa, chamani na kwenye uchaguzi mkuu. Ile asilimia 100 ndiyo hiyo. Chama chake pia kikapata wingi wa Seneti kwa mara ya kwanza tangu alipoingia.

Upande wa pili wa rekodi ni kazi yenyewe, na napo namba hudanganya. Miaka sita ya kwanza alikuwa katika chama cha wachache, na muswada wa mchache Springfield ulikuwa unafia kabatini. Januari 2003 hali ikageuka. Emil Jones, rais mpya wa Seneti, alimpa miswada mikubwa aibebe, na mwaka huo Illinois ikawa jimbo la kwanza kutunga sheria ya kulazimisha polisi kurekodi kwa video mahojiano ya watuhumiwa wa mauaji. Polisi mwanzoni hawakutaka hata kusikia. Obama aliketi nao, akabadilisha vifungu, mwishoni upinzani ukayeyuka. Ukihesabu sheria zake kwa mwaka utadhani alilala miaka sita akaamka siku moja. Kilichobadilika ni nani ameshika ufunguo wa kabati.

Wapinzani wake wa baadaye walishikia bango jambo jingine: karibu mara 130, kati ya kura zipatazo 4,000, alipiga kura ya "nipo". Si ndiyo, si hapana. Ukisikia hivyo utasema mwoga. Ila katika Seneti ya Illinois muswada hupita ukipata ndiyo 30 kati ya wajumbe 59, haijalishi wangapi wako ukumbini. Hivyo "nipo" inaupunguzia muswada kura sawasawa na hapana, bila kumpa adui tangazo la redio. Wengine waliitumia kwa makubaliano ya kundi, wengine kujikinga. Katika 130 zile zimo za aina zote mbili.

Kazi hii, kwa wengi, si ya kutwa. Springfield iko kilomita 320 hivi kutoka Chicago. Seneta anakwenda wakati wa vikao, anarudi. Obama aliendelea kufundisha sheria Chuo Kikuu cha Chicago hadi 2004, mwaka ambao alipata karibu asilimia 53 kwenye mchujo wa useneta wa Washington uliojaa wagombea, kisha 70 mwezi Novemba. Ile 53 ndiyo ninayoiheshimu kuliko zote za jedwali lake. Safari hiyo karatasi ya mchujo ilikuwa na majina.

Alipojiuzulu kiti cha jimbo, hapakuwa na uchaguzi mdogo kama ambavyo ungefanyika Kenya au Tanzania. Illinois, kiti kikiwa wazi, viongozi wa chama wa eneo hilo huteua wa kukijaza. Walimteua Kwame Raoul, ambaye baadaye alichaguliwa mara kadhaa, na mwaka 2019 akawa mwanasheria mkuu wa jimbo. Nafasi yake akateuliwa Robert Peters. Na Alice Palmer mwenyewe, mwaka 1991, alikuwa ameingia kwa uteuzi. Watu wanne mfululizo katika kiti kimoja, na watatu kati yao mstari wa kwanza wa rekodi zao hauna kura hata moja. Wa nne ni yule aliyekuwa peke yake kwenye karatasi ya Machi 1996.