Mvua Inasingiziwa: Dhana Potofu Kuhusu Viti Vitupu Viwanjani Kigoma na Tabora

Msimu wa Ligi Kuu ukifika katikati, Kigoma na Tabora huanza kusikika maneno yaleyale: uwanja umepwaya, basi mvua. Mtangazaji anataja mvua, msemaji wa klabu anataja mvua, na muuza karanga wa getini akiona biashara imelala naye anaitazama mbingu. Mvua haina msemaji wa kuitisha waandishi wa habari ijibu, kwa hiyo kila lawama inaipata.

Kabla ya 2023 habari hii isingemsumbua mtu. Msimu wa 2023/24 Mashujaa ya Kigoma na Tabora United (ambayo siku hizi ni TRA United) zilipanda Ligi Kuu kwa pamoja. Uwanja wa Lake Tanganyika na ule wa Ali Hassan Mwinyi vikaanza kuonekana mara kwa mara sebuleni kwa watu nchi nzima, na nafasi zilizo wazi zikaonekana nazo.

Dhana: Mvua ndiyo inayowafukuza mashabiki

Inawafukuza baadhi yao, kwa baadhi ya mechi. Jambo la kwanza la kuuliza ni nani anakuja kucheza. Simba au Yanga akitua mjini, wingu liwe jeusi namna gani, foleni ya getini haivunjiki. Akija mgeni wa katikati ya msimamo siku ya Jumatano, hata kama anga ni safi, kule mzunguko, kwenye viti vya bei ya chini, mtu anaweza kulala akajinyoosha.

Wenzetu wa mbali walishalionyesha hili zamani. Novemba 1945, Dynamo ya Moscow ilicheza na Arsenal jijini London katika ukungu mzito kiasi kwamba aliyekaa upande mmoja hakuujua mpira ulipo upande wa pili. Zaidi ya watu 50,000 walikuwemo. Julai 1974 huko Frankfurt, wakati wa Kombe la Dunia, mvua ilifurika uwanjani hadi zimamoto wakaitwa kunyonya maji kabla ya Ujerumani Magharibi kucheza na Poland. Mechi ilichelewa, na watu hawakuondoka. Mechi yenye uzito huwavumilisha watu mambo ambayo mechi nyepesi haiwezi kuwavumilisha hata robo yake.

Kuna wanaojibu kwa kutaja fainali ya Kombe la Shirikisho ya tarehe 25 Julai 2021, Simba na Yanga palepale Lake Tanganyika, bao la kichwa la Taddeo Lwanga, moja bila. “Si mnaona? Kiangazi, uwanja ukafurika.” Ulifurika, ndiyo. Lakini ukiwaleta watani wa jadi kucheza fainali Kigoma, kisha ukasema sifa ni ya kiangazi, unamnyima Lwanga haki yake. Fainali ile haithibitishi lolote kuhusu hali ya hewa, kwa sababu ingefurika hata kama ingechezwa Februari.

La pili ni mfuko. Tabora ni nchi ya tumbaku, na tumbaku ina kalenda yake. Miche hupandikizwa mvua zinapoanza, mwishoni mwa mwaka. Hufuata palizi, kuvuna na kukausha kwenye mabani. Pesa inakuja masoko yakishafunguliwa, mvua zikiwa zimeisha au ziko ukingoni. Maana yake miezi ya mvua ndiyo miezi ya kazi nyingi na pesa chache, na katikati yake imekaa Januari na ada zake, sare zake na madaftari yake. Baba anayehesabu shilingi za mbolea hahitaji tone la mvua limzuie kwenda Mwinyi. Angebaki nyumbani hata kama kungekuwa kukavu kabisa. Hapa ndipo mvua inaposingiziwa zaidi: inakuja msimu mmoja na ukata, na watu humwona huyu anayepiga kelele kwenye bati.

Kigoma hesabu ni nyingine kidogo. Dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi hupumzika. Kwa hiyo pesa ya mwaloni pale Kibirizi inafuata mwezi zaidi ya inavyofuata wingu. Sijawahi kumsikia mpanga ratiba akiuliza mbalamwezi ni lini, na sidhani kama atauliza.

La tatu ni kurudi nyumbani. Shabiki wa Ujiji au Mwandiga haogopi sana kulowa dakika tisini. Anachoogopa ni saa moja usiku, bodaboda chache, nauli imepanda, barabara ya mtaani imegeuka tope. Ukimuuliza kwa nini hakuja atasema mvua. Ukikaa naye zaidi utasikia usafiri.

Dhana: Viti vitupu kwenye televisheni ni watu waliobaki nyumbani

Hii naichukia kuliko zote, maana huwafanya watu walioko uwanjani wahesabiwe hawapo.

Jukwaa kuu kwa kawaida hujengwa upande wa magharibi ili jua la jioni liwe mgongoni mwa wanaokaa hapo, na kamera kubwa nazo huwekwa upande huohuo kwa sababu hiyohiyo. Kamera ikiwa juu ya jukwaa kuu haiwezi kulionyesha jukwaa kuu. Inaangalia ng’ambo, yaani mzunguko, mahali pa kiingilio cha chini, na kwa viwanja vyetu vingi hapo hapana paa. Mvua ikianza, watu wa mzunguko hufanya ambacho kila mwenye akili angefanya: wanakimbilia penye kivuli, wanabanana ukutani, chini ya paa la jukwaa kuu, kwenye njia za kuingilia. Anayetazama akiwa Dar es Salaam anaona zege limelowa na mtu mmoja mwenye mwavuli. Anaandika kwamba Kigoma hawapendi mpira. Watu wenyewe wamejazana chini ya miguu ya mpigapicha.

Kwa hiyo mvua inawahamisha watu kabla ya kuwapunguza. Mwenye kutaka kujua walioingia akaulize getini, aache kukisia kwa picha.

Dhana: Idadi ikitangazwa, hao ndio waliokuwepo

Inategemea kilichohesabiwa. Kwenye Ligi Kuu ya Uingereza, klabu nyingi hutangaza tiketi zilizouzwa, zikiwemo za msimu mzima. Mwenye tiketi ya msimu aliyebaki kitandani siku ya baridi amehesabiwa kuwa amehudhuria. Ndiyo maana unaweza kusikia “watu elfu sitini” huku ukiona safu nzima za viti vyekundu hazina mtu.

Kwetu mambo mara nyingi huenda kinyume chake. Wengi hununua tiketi siku hiyohiyo, baada ya kuangalia juu. Mvua ya saa saba mchana inaonekana moja kwa moja kwenye mapato ya mlangoni, tofauti na kwa Mwingereza ambaye pesa yake ilishaliwa tangu Agosti. Kama kuna kitu mvua inakula kweli huku magharibi, ni hicho: uamuzi wa dakika za mwisho wa mtu ambaye bado hajatoa pesa. Kuuza tiketi mapema kunapunguza tatizo hilo kuliko dua.

Na kuna wasiohesabiwa kabisa: waliopanda juu ya mti au ukuta, watoto walioingia wakiwa wameshikwa mkono na mtu wasiyemjua. Huko Uingereza tarehe 7 Mei 1921, Stockport County ilicheza na Leicester City kwenye uwanja wa Old Trafford, na vitabu vikaandika watazamaji 13. Ukweli ni kwamba uwanja ulikuwa umetumika kwa mechi nyingine mapema siku hiyo, na watu wengi, wanaokadiriwa kati ya elfu moja na elfu mbili, walibaki humohumo wakatazama na ya pili. 13 ni waliolipa.

Dhana: Hali mbaya ya hewa ni mvua

Mwambie hivyo aliyekaa mzunguko pale Mwinyi mwezi Oktoba. Septemba na Oktoba ndiyo miezi ya joto kali Tabora, kabla mvua haijaja kupoza, na zege lisilo na paa halina huruma. Ligi wakati huo ndiyo kwanza imechangamka.

Halafu kuna suala la saa. Nchi nzima tunatumia saa moja, lakini jua halitumii saa ya serikali. Dar es Salaam jua hufika utosini, kwa wastani, kama saa sita na dakika ishirini na kitu mchana. Tabora ni karibu saa saba kasoro dakika kumi, na Kigoma ni saa saba kamili. Mechi ya saa nane mchana Kigoma ni sawa na mechi ya saa saba na dakika ishirini hivi Dar. Hakuna anayepanga mechi saa saba na dakika ishirini Dar, angeonekana kichaa. Ila Kigoma ikipangiwa saa nane, watu wasipojaa, tunaambiwa hamasa ni ndogo. Mechi ya saa kumi jioni ina nafuu, na bado kuna mwanga wa kutosha hadi mwisho kwa kuwa huku jua linazama kwa kuchelewa.

Ubaya wa saa kumi ni miezi ya mvua. Nchi kavu hupata joto tangu asubuhi, hewa yenye unyevu inapanda, na wingu la radi linakomaa alasiri, muda uleule timu zinapopasha misuli.

Dhana: Mvua zetu ni vuli na masika kama za pwani

Hapana. Tabora na sehemu kubwa ya Kigoma hupata msimu mmoja, takribani Novemba hadi Aprili. Kibondo na Kakonko, kaskazini mwa Kigoma, ndizo zenye misimu miwili. Mpanga ratiba anayedhani Januari na Februari ni kipindi cha ukavu kwa sababu Dar ni kukavu, anaituma timu kwenye tope.

Dhana: Mvua ikinyesha, kibanda umiza ndicho kinachofaidi

Nusu yake ni kweli. Wapo wanaohamia kwenye vibanda hivyo vya kulipia kutazama mpira kwenye televisheni. Lakini mvua kubwa hudhoofisha mawimbi yanayotoka kwenye setilaiti, na dishi likipoteza mawimbi dakika ya themanini, mwenye kibanda atajuta kupokea pesa za watu. Hata picha ikibaki, bati likipigwa na mvua humsikii mtangazaji. Zaidi ya hapo, kibanda umiza kinashindana na uwanja mwaka mzima. Azam Media ilitia saini na TFF, shirikisho la soka nchini, mwaka 2021 mkataba wa miaka kumi wa shilingi bilioni 225.6, na mechi za Ligi Kuu unaziona ukiwa na kikombe cha chai, kwenye mvua na kwenye ukavu. Mtu aliyezoea chai halisingizii dishi, anaisingizia mvua.

Dhana: Jezi nyekundu huvuta radi

Imani hii ipo sana, na watu wa Yanga hawana haraka ya kuikanusha. Rangi ya nguo haina uhusiano wowote na radi. Wala simu ya mkononi haiiti. Radi hupendelea kilicho kirefu na kilichosimama peke yake: mnara, nguzo ya taa, mti, mtu aliyesimama katikati ya uwanja. Kwa hiyo anayekimbia mzunguko kwenda kujibanza chini ya mwembe anatoka kwenye hatari moja na kuingia kwenye kubwa zaidi. Pa kukimbilia ni ndani ya jengo lililojengwa likafungika, au ndani ya gari lenye bodi ya chuma, vioo vimepandishwa. Turubai na mwavuli havisaidii.

Umbali unaweza kuupima mwenyewe. Hesabu sekunde kuanzia mmweko hadi ngurumo, kila sekunde tatu ni kilomita moja. Zikiwa thelathini au pungufu, radi iko ndani ya kilomita kumi na inaweza kukufikia. Kanuni inayotumika sana ni kusubiri dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho, na ikinguruma tena unaanza kuhesabu upya. Ndiyo sababu Juni 2025 huko Charlotte, Marekani, Chelsea na Benfica zilitolewa uwanjani dakika ya 86 kwenye Kombe la Dunia la Klabu, zikakaa vyumbani karibu saa mbili. Wapo waliocheka kwamba Wamarekani wanaogopa mvua. Hawakuwa wanaogopa mvua. Kwa magharibi yetu, yenye radi nyingi kila msimu, ningependa kuona mwamuzi akifanya hivyo bila kuzomewa.

Dhana: Mechi ikivunjika kwa mvua, matokeo ya pale yanabaki

Sheria za mchezo zinampa mwamuzi mamlaka ya kusimamisha au kuvunja mechi hali ya hewa ikiharibika. Mechi iliyovunjwa hurudiwa, isipokuwa kanuni za shindano husika ziwe zimesema vingine, kwa mfano kumalizia dakika zilizobaki. Aliyekuwa anaongoza bao moja wakati maji yanajaa hana cha kujivunia bado. Na mwenye tiketi asiitupe akiwa njiani kurudi Gungu, maana kama dakika zitamaliziwa kesho yake asubuhi, swali la kwanza getini litakuwa ilipo.