Presha uliyopima umekaa haijaniambia kitu

Leo tena kizunguzungu cha kutaka kuzimia. Binti wa miaka 20 na kitu, mwembamba, kaja na kikaratasi cha duka la dawa: 100/62, chini yake kwa kalamu nyekundu, "presha ya kushuka". Kashanyweshwa maji ya chumvi na soda juu yake. Jamani! 100/62 kwa binti kama huyu ni presha yake tu, atazeeka nayo.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba kila mtu anapimwa amekaa. Bibi mmoja wa Kibosho, mgonjwa wa presha, akiinuka baada ya kukama ng'ombe giza linamjia, masikio yanavuma, kijasho chembamba, anashika nguzo ya banda mpaka yapite. Haanguki. Kote alikopimwa akiwa kwenye kiti aliambiwa presha iko sawa, ni uzee. Uzee gani? Mlaze dakika 5, pima. Msimamishe, pima dakika ya 1, kisha ya 3. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini 10, hapo ndipo tuongee. Yeye alilala na 142, akasimama na 114. Alikuwa ameongezewa dawa ya presha, ile ya kukojoza, na maji ya kunywa hayagusi. Tukapunguza dawa, hatukuiacha.

Kusimama muda mrefu kwenye ibada, kuona damu, njaa, pombe ya mbege juani: lala chini, inua miguu, yataisha. Lakini anayetaka kuzimia akiwa anapanda mlima, au ametulia tu moyo ukaanza kwenda mbio, apimwe umeme wa moyo leo hii. Kinyesi cheusi kama lami, au hedhi imepita siku yake bila kuja na tumbo linauma, ni hospitali moja kwa moja. Usimpe soda.

Vitabu vinanitaka nitenganishe kwanza dunia inayozunguka, ambayo mara nyingi ni sikio la ndani, na kutaka kuzimia. Sina imani sana na hilo. Muulize mgonjwa yuleyule mara mbili, atakupa majibu mawili. Mimi nauliza alikuwa anafanya nini yalipoanza. Na bado wapo wanaoondoka vipimo vyote safi, nami sina jina la kuwapa.

Mkija, leteni dawa zote kwenye mfuko. Zote, babu, hata ile ya tezi dume unayoificha. Nyingine hushusha presha ukisimama.