Umeme "unakula"? Pima kwanza

Wiki hii wateja watatu wameniambia maneno yaleyale: "Fundi, soketi ya jiko achana nayo, umeme unakula, mimi ni mtu wa gesi." Mmoja wao alikuwa na maharage jikoni tangu saa nne asubuhi, na moto wa gesi ulikuwa unapanda ubavuni mwa sufuria hadi kwenye masikio yake.

Pesa inapotelea hapo. Kilo moja ya gesi ina joto la karibu uniti 13 za umeme, ila karibu nusu yake hupita pembeni na kupasha hewa. Jiko la umeme la koili nalo linapoteza, ingawa si kiasi hicho. Kwa mteja wa T1, yaani daraja la kawaida la bei la TANESCO, uniti ni kama shilingi 356 pamoja na kodi. Akinunua mtungi wa kilo 6 kwa 24,000, koili na gesi zinakaribiana. Hapo sibishani na mtu.

Ninabishana kuhusu jiko la presha la umeme. Watu wakisoma "wati 1,000" ubavuni mwake wanaogopa, wanaliweka kundi moja na koili. Jamani, wati peke yake si gharama, lazima uhesabu na muda! Presha ikishapanda, jiko hili hujizima na kuwaka kidogo kidogo, na joto halina pa kutokea. Nyumbani nilipika nusu kilo ya maharage yaliyolowekwa usiku kucha: mita ilihesabu uniti 0.4, yaani shilingi 142. Kesho yake nikapika kiasi kilekile kwa gesi, mtungi nikiupima kwenye mizani kabla na baada. Zilikuwa zimeondoka gramu 210. Ni shilingi 840. Makande, kwato, maharage, vyote vipikwe kwenye presha. Chapati bakini na gesi yenu.

Mteja wa D1, daraja la nyumba zenye matumizi madogo, ana nafuu kubwa zaidi, kwani uniti 75 za kwanza za mwezi ni shilingi 100 kabla ya kodi. Lakini akivuka hapo bei inaruka hadi 350, kwa hiyo ahesabu uniti zake.

Kuna na maneno mengine ninayoyasikia kwa wateja. "Ukinunua umeme mwingi kwa mkupuo unapunjwa." Kwa T1 bei ya uniti ni ileile. Kinachokatwa ni kodi ya jengo, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na usiponunua miezi miwili inakusubiri.

"Friji nazima usiku, naokoa." Asubuhi linafanya kazi ya kurudisha ubaridi uliopotea. Angalia mpira wa mlango: ukibana noti na ikachomoka kirahisi, badilisha mpira.

"Gesi ikiisha, laza mtungi." Usithubutu. Gesi ya maji itaingia kwenye regyuleta na moto utaruka.

"Mita yangu inakimbia." Zima kila kitu, acha swichi kuu ikiwa imewashwa, kisha tazama taa nyekundu ya mita. Ikiendelea kumweka, zima na swichi kuu. Ikitulia, umeme unavuja kwenye nyaya zako, niite mimi. Isipotulia, karipoti mita. Kama ilitulia tangu mwanzo, washa birika la wati 1,000 peke yake na uhesabu: mita iliyoandikwa 1000 imp/kWh, yaani inamweka mara 1,000 kwa kila uniti, inapaswa kumweka kama mara 17 kwa dakika.