Je, wajua kwa nini anayekutibu njiani hulipwa kana kwamba kazi yake ni usafiri tu?

Usiku ule mvua ya Tukuyu ilikuwa ikinyesha kama kawaida yake. Dada yangu alikuwa amejifungua muda mfupi uliopita na damu haikukatika. Ikaandikwa rufaa ya kwenda Mbeya mjini, kilomita kama 70, na nesi wa zamu akatolewa wodini kumsindikiza. Tangu getini hadi tunateremka Uyole nesi yule alikuwa amepiga magoti sakafuni mwa gari, mkono mmoja ukikanda mji wa mimba juu ya tumbo, mwingine ukidaka dripu kila tulipokata kona. Isongole ukungu ulikuwa mzito, hatukuona hata mashamba ya viazi ya kando ya barabara. Mama yetu hakuwa na neno jingine zaidi ya "ndaga fijo, mwanangu", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, tena na tena.

Tulipofika, dereva alifungua kitabu cha safari akajaza: kilomita za kuondoka, kilomita za kufika, saa, lita za mafuta. Nesi alinawa damu mikononi, akapanda kiti cha mbele wakageuza, maana asubuhi alitakiwa akabidhi zamu. Niliutazama ukurasa ule. Haukuwa na mahali pa kuandika mikono yake ilifanya nini.

Kumbe jambo hili si la kwetu tu, na lina historia yake. Magari ya wagonjwa yalianza kama vyombo vya kubebea watu. Tiba ya njiani ilikuja baadaye sana. Nchini Marekani, ripoti ya kitaifa ya mwaka 1966 ilieleza kuwa karibu nusu ya huduma za magari ya wagonjwa ziliendeshwa na wafanyabiashara wa mazishi, kwa sababu magari yao ndiyo yaliyokuwa na nafasi ya mtu kulala. Gari lilelile lilikwenda hospitali au makaburini. Mwaka 1967, mjini Pittsburgh, kikundi cha Freedom House kiliwachukua vijana weusi wasio na ajira, kikawafundisha kufungua njia ya hewa, kufufua moyo na kuzuia damu, wakawa miongoni mwa paramediki, yaani wahudumu wa dharura wanaotibu njiani, wa kwanza wa nchi hiyo. Ujuzi ulibadilika. Mfuko wa malipo haukubadilika. Medicare, bima ya taifa ya wazee huko, bado hulipia gari la wagonjwa kama usafiri: kwa kawaida mgonjwa akitibiwa sebuleni kwake akapona bila kubebwa, huduma hailipwi. Basi usishangae kwamba mwaka 2022 mshahara wa kati wa paramediki wa Marekani haukufika dola 50,000 kwa mwaka, wakati wa muuguzi aliyesajiliwa ulipita dola 80,000.

Uingereza inaonyesha kwamba mambo yanaweza kugeuzwa. Kazi ya paramediki ilipoandikwa upya, kwa kutaja maamuzi anayoyafanya peke yake barabarani, makubaliano ya Desemba 2016 yaliwapandisha wenye uzoefu kutoka daraja la 5 hadi la 6 la mishahara ya afya. Watu ni walewale na kazi ni ileile. Kilichobadilika ni maelezo yake kwenye karatasi.

Kuna jambo la pili, nalo naliona zito zaidi: kusubiri. Mtoa huduma ya dharura anaweza kukaa saa nyingi bila simu kulia, na mwajiri akasema hukufanya kazi. Wafanyakazi wa dharura wa Msalaba Mwekundu wa Ujerumani walilipeleka suala la namna hii mahakamani, na Oktoba 2004 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikaamua kuwa saa za kukaa tayari kazini zihesabiwe zote katika ukomo wa saa 48 kwa wiki. Naiona hukumu ile kuwa ya haki kabisa. Aliyevaa viatu akingoja uumie hayuko mapumzikoni.

Kwetu Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki. Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu, na kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi huongezewa asilimia 5. Chukua mfano wa mtu anayelipwa shilingi 3,000 kwa saa: akikesha saa nne ndani ya zamu yake, nyongeza ya usiku ni shilingi 600 kwa zote nne. Hiyo haimfikishi nyumbani kwa bajaji. Wahudumu wa afya wana pia posho ya kuitwa kazini, na kilio chao cha siku nyingi ni kuchelewa kwake.

Mfumo wa m-mama, ambao serikali ilitangaza kuusambaza nchi nzima mwaka 2022, unaonyesha kwamba malipo yanaweza kwenda haraka. Mjamzito, mzazi au mtoto mchanga akipata dharura hupigwa namba 115. Gari la wagonjwa likikosekana anaitwa dereva wa jamii, na akishamfikisha mgonjwa salama fedha zinaingia kwenye simu yake. Ni jambo jema sana, na nalisifu kwa moyo wote. Ila utaona kwamba hata hapo kinachopimwa vizuri ni safari.

Natamani kitabu cha safari kiongezewe safu nne tu: jina la aliyemsindikiza mgonjwa, saa alipotolewa wodini, saa aliporudi, na alichofanya njiani. Usiku ule wa dada yangu zingejazwa hivi. Nesi wa zamu. Alitoka saa 7 usiku. Alirudi saa 11 alfajiri. Alikanda mji wa mimba kwa muda wa saa moja na nusu bila kuachia. Damu ilianza kupungua kabla ya Uyole.