Kulipia kujifungua mapema: uliza kwanza pesa zitarudi vipi

Hospitali nyingi za kibinafsi nchini Kenya huuza kifurushi cha uzazi. Mama hufika kliniki akiwa na mimba ya miezi minne au mitano, akapewa karatasi yenye bei mbili, ya kujifungua kwa njia ya kawaida na ya upasuaji. Kisha huambiwa kwamba akilipa mapema atapunguziwa, au bei haitapanda, au ataruhusiwa kulipa kidogo kidogo hadi siku ifike. Ofa yenyewe si mbaya. Kosa ni kuilinganisha na bei ya hospitali jirani tu na kuishia hapo, bila kuuliza pesa hizo zitakuwa wapi mtoto akizaliwa kwingine.

Tuseme mna akiba ya shilingi 120,000. Kifurushi cha kawaida ni 80,000, lakini ukilipa mapema ni 75,000. Upasuaji ni 180,000. Hizi ni tarakimu za mfano. Weka za hospitali yako. Mama akijifungua hapo kwa njia ya kawaida, mmeokoa 5,000. Akipasuliwa hapo hapo, kwa kawaida ulicholipa huhesabiwa kuwa sehemu ya bei ya upasuaji nawe unaongeza tofauti. Pengo la pesa lingekuwepo hata kama hungelipa mapema, kwa hiyo hapo malipo ya mapema hayajakudhuru.

Madhara yako katika hali ya tatu. Uchungu unaanza wiki ya 33, hospitali haina vifaa vya kumtunza mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, na mnapewa rufaa saa nane usiku. Mkononi mna 45,000. Zile 75,000 zimebaki mlikotoka, na masharti yanasema marejesho hutolewa baada ya siku 30 za kazi, yakikatwa asilimia 20, yaani 15,000. Ukipiga hesabu tupu, unapata 5,000 mambo yakienda sawa na kupoteza 15,000 yasipoenda. Mpango huo una faida iwapo uwezekano wa kujifungulia kwingine uko chini ya mmoja kwa nne. Mimba isiyo na tatizo kwa kawaida inapita mtihani huo. Mapacha, shinikizo la damu, au mama anayepanga kwenda kujifungulia kwao mashambani, huenda isipite. Ila tukisema kweli, kinachoumiza familia si zile 15,000 bali zile siku 30.

Ndiyo maana wakati wa kulipa ni muhimu kuliko punguzo. Katika wiki ya 20 mengi bado hayajulikani. Kondo la nyuma likionekana limekaa chini, mara nyingi hupanda kadiri mimba inavyokua, na kipimo hurudiwa karibu na wiki ya 32. Mtoto aliyetanguliza matako anaweza kugeuka mwenyewe. Ikifika wiki ya 36 bado amekaa vivyo hivyo, daktari ataanza kuzungumzia njia ya kujifungua. Shinikizo la damu linaloletwa na mimba huanza baada ya wiki ya 20, mara nyingi katika miezi mitatu ya mwisho. Anayelipia kifurushi cha kawaida katika mwezi wa tano ananunua kabla ya kujua kama kitamfaa. Ushauri wetu ni kutembelea hospitali na kuchukua masharti kwenye wiki ya 28, kisha kulipa kati ya wiki ya 34 na ya 36. Kwa mimba ya mapacha, ambao mara nyingi huzaliwa kabla ya wiki ya 37, chagua hospitali mapema zaidi, na iwe yenye kitengo cha watoto wachanga.

Na usidhani upasuaji ni jambo la nadra. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa takriban mtoto mmoja kati ya sita nchini Kenya huzaliwa kwa upasuaji. Akiba inayotosha kujifungua kwa kawaida peke yake ni pungufu.

Kabla ya kuilipa hospitali yoyote, hakikisha mama amesajiliwa na SHA, mamlaka ya bima ya afya ya umma iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na kwamba michango haina mapengo. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Asiye na ajira rasmi hutathminiwa kwa mapato ya nyumba yake, kiwango cha chini kikiwa shilingi 300 kwa mwezi, na hutakiwa kulipa mwaka mzima kwa mkupuo. Ukibonyeza *147# unaweza kujisajili na kuona hali yako. Viwango vilivyoanza na mfumo huo ni 10,000 kwa kujifungua kwa kawaida na 30,000 kwa upasuaji katika hospitali za ngazi ya 4 hadi ya 6. Kwa anayelipa kiwango cha chini, mchango wa mwaka ni 3,600 unaomfungulia huduma ya 30,000. Hakuna punguzo la malipo ya mapema litakalofikia hapo.

Hapo ndipo mambo huchanganyika. Bei uliyoonyeshwa ni kabla ya kuondoa fungu la SHA au baada yake? Ukilipa kifurushi kizima cha 80,000, kisha siku ya kuondoka ukaweka kidole kuthibitisha huduma, hospitali itadai 10,000 kutoka SHA pia. Kiasi hicho lazima kionekane kwenye bili yako kama punguzo. Uliza pia itakuwaje hospitali ikiacha kuhudumia wanachama wa SHA kati ya siku ya kulipa na siku ya uchungu. Hilo si wazo la kutunga: mwaka 2025 hospitali kadhaa za kibinafsi zilisimamisha huduma hizo kwa muda zikidai malimbikizo ya malipo.

Wenye bima ya kibinafsi wasome kwanza kipindi cha kusubiri. Kwa huduma za uzazi mara nyingi ni miezi 10 hadi 12, kwa hiyo bima iliyonunuliwa baada ya kupata mimba haitasaidia safari hii.

Kifurushi kinabeba nini hasa? Kwa kawaida ni chumba cha kuzalishia, wakunga, dawa za kawaida na kitanda kwa idadi fulani ya siku, mara nyingi moja au mbili kwa njia ya kawaida na tatu kwa upasuaji. Siku inayozidi hulipiwa kivyake. Mambo yanayopandisha bili ni yale yasiyoandikwa. Ada ya daktari wa uzazi, ya daktari wa ganzi na ya daktari wa watoto huweza kuwa nje ya bei ya hospitali, hasa pale ambapo daktari ni wako mwenyewe na hospitali inamkodisha chumba tu. Sindano ya ganzi ya mgongo ya kupunguza uchungu, dripu ya kuanzisha uchungu, damu ya kuongezewa na vipimo vya dharura pia ulizia moja moja. Mama mwenye kundi la damu la Rhesus hasi huhitaji sindano ya anti-D, kwa kawaida kwenye wiki ya 28 na tena ndani ya saa 72 baada ya kujifungua ikiwa mtoto ni Rhesus chanya. Ni ghali, na mara chache sana imo kwenye kifurushi.

Halafu kuna mtoto. Mtoto mgonjwa hufunguliwa faili lake, na bili yake ni nyingine. Akipata umanjano akawekwa chini ya taa siku tatu, au akishindwa kupumua vizuri akapelekwa kitengo cha watoto mahututi, kila siku ina bei yake na hospitali huweza kudai amana. Kifurushi cha mama hakigusi hayo. Katika uzoefu wa wanaoshughulikia bili, hapa ndipo familia zilizojipanga vizuri hushtuka. Uliza bei ya siku moja ya kitengo hicho, izidishe kwa tano, na kiasi hicho kikae mikononi mwako.

Kiwekwe wapi? Mahali kinapotoka kwa saa chache. Akiba ya SACCO inayodhamini mikopo haifai kazi hii, kwa sababu kwa kawaida haitoki mpaka ujitoe uanachama na kungoja siku 60. Akaunti ya kawaida ya SACCO hiyo hiyo ni sawa. Hazina za soko la fedha (money market funds) huleta riba, lakini pesa hufika baada ya siku moja hadi tatu za kazi, kwa hiyo sehemu ya usiku wa kwanza ibaki M-Pesa au benki. Anayejijua kuwa pesa hazikai mkononi mwake ana sababu halali ya kulipa hospitali kidogo kidogo. Hiyo ni nidhamu, na ina thamani yake. Hata hivyo asipeleke huko zaidi ya nusu ya akiba yote.

Ukiamua kulipa, omba masharti kwa maandishi kabla ya kutoa shilingi. Yaseme kifurushi kinaisha lini, kiasi gani hurudishwa ukijifungulia kwingine na kwa siku ngapi, kama rufaa iliyotolewa na hospitali yenyewe nayo inakatwa asilimia (tungekataa sharti hilo moja kwa moja), na kama mimba ikiharibika pesa hurudi zote. Lipa kwa nambari rasmi ya hospitali, kamwe si kwa simu ya mhudumu hata akiwa mkarimu vipi. Risiti iwe na jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, nambari ya faili na maneno "amana ya kujifungua". Risiti iliyoandikwa "huduma za kliniki" huleta ubishi saa tisa usiku, wakati mhasibu yuko kwao. Piga picha, na mtu wa pili awe nayo kwenye simu.

Kutolipa mapema hakumnyimi mama haki ya dharura. Kifungu cha 43(2) cha Katiba kinasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura, kwa hiyo mama anayetokwa damu au mwenye kifafa cha mimba lazima ahudumiwe na kuimarishwa hali yake kwanza, amana baadaye. Na Septemba 2015 Mahakama Kuu jijini Nairobi, katika kesi ya wanawake wawili waliozuiliwa katika hospitali ya uzazi ya Pumwani kwa sababu ya bili, iliamua kwamba kumzuilia mgonjwa hospitalini kwa deni ni kinyume cha sheria. Deni linabaki deni, na hospitali inaweza kulidai kwa njia za kawaida, lakini si kwa kumfungia mama na mtoto. Malalamiko kuhusu kituo au daktari hupelekwa kwa baraza la madaktari, KMPDC, ambalo pia hutoa leseni na ngazi ya kituo. Hakikisha leseni ni ya mwaka huu kabla ya kulipa.

Siku ya kuondoka, dai bili yenye kila kipengee, ya mama na ya mtoto. Linganisha na masharti uliyopewa, tafuta mstari wa SHA, na kama kuna salio lako omba litumwe kwa nambari iliyolipa, ukiandikiwa tarehe. Usiondoke bila hati ya taarifa ya kuzaliwa: ndiyo itakayotumika kumsajili mtoto, jambo linalotakiwa kufanyika ndani ya miezi sita, na kumwongeza kwenye SHA kama mtegemezi.