"Mawingu kiasi" si mvua kidogo

Mama mmoja, jirani yetu hapa Ngamiani, alianika makopa uani juu ya jamvi baada ya kusikia redioni kwamba juma hilo mkoa wa Tanga ungekuwa na "hali ya mawingu kiasi, mvua nyepesi katika maeneo machache na vipindi vya jua". Kabla ya adhuhuri ilipita mvua ya robo saa, ambayo haikujaza hata ndoo iliyokingwa chini ya bati, lakini ilitosha kuyalowesha makopa, na lawama zote zikamwendea mtabiri: "Si walisema mvua kiasi? Hii ndiyo kiasi?" Malalamiko ya namna hiyo nimeyasikia mara nyingi, kwenye daladala na barazani, na kila mara naona kwamba hakuna aliyetangaza "mvua kiasi". Kilichotangazwa ni mawingu kiasi.

Maana yake ni fupi. Mawingu kiasi ni hali ambayo sehemu ya anga imefunikwa na mawingu na sehemu nyingine iko wazi. Neno hilo halisemi kama mvua itanyesha, wala halisemi itakuwa kubwa au ndogo.

Tatizo liko kwenye neno "kiasi" lenyewe, ambalo siku hizi tumelibana hadi likawa jina jingine la "kidogo". Asili yake ni Kiarabu, qiyās, yaani kupima kitu kwa kukilinganisha na kingine kinachojulikana, na waliosoma madrasa wanaikumbuka kiasi ya wanazuoni, ambayo ni kulipatia jambo jipya hukumu kwa kulilinganisha na lile ambalo hukumu yake imekwishajulikana. Maana hiyo ya kipimo haijatutoka, kwa kuwa sokoni tunauliza "kiasi gani?" bila kudhani kwamba bei itakuwa ndogo, na mzee anayetuusia kula kwa kiasi hatuambii tule tonge mbili tukanawe. Nadhani udogo umeingia kwa mlango wa "kiasi tu" na "nina nafuu kiasi", na huko sina ugomvi nao. Hata katika "mawingu kiasi" nakubali kwamba neno linapunguza: anga halikufunikwa lote. Lakini kinachopunguzwa ni eneo la anga lililofunikwa, na kuuhamisha upungufu huo kutoka kwenye wingu kuupeleka kwenye mvua ni kosa la msikilizaji.

Ukitazama jinsi mawingu yanavyopimwa, jambo hili huwa wazi zaidi. Mpimaji husimama mahali pasipo na miti wala nyumba za kumziba, akalitazama anga lote hadi kwenye upeo, kisha akilini mwake akayasukuma mawingu yote upande mmoja na kukadiria yamejaza mafungu mangapi kati ya manane. Fungu moja huitwa okta, jina lenye asili katika neno la Kigiriki na Kilatini la nane. Sifuri ni anga jeupe, na nane ni anga lisilo na hata tundu la kupenyeza jua. Baada ya hapo huandika aina ya mawingu, na huiandika peke yake, kwa sababu wingi wa mawingu ni habari moja na aina yake ni habari nyingine.

Majina ya aina hizo yalipangwa mwaka 1802 na Luke Howard, mtengeneza dawa wa London aliyependa kutazama mbingu, naye aliyatoa katika Kilatini: kumulasi ni lundo, stratasi ni tabaka, na sirasi ni shungi la nywele. Kiswahili nacho kilikuwa na kitenzi chake cha tabaka, nacho ni kutanda, ndugu wa kutandika, kutandaza na utando. Kwa hiyo naudhika kidogo, na mnisamehe, mtu anapolionyesha lundo moja lililosimama juu ya milima ya Usambara na kusema kwamba mawingu "yametanda". Lundo halitandi, hupanda. Stratasi iliyotanda kweli inaweza kujaza okta zote nane tangu asubuhi hadi magharibi na isitoe zaidi ya manyunyu, huku kumulonimbasi, ambalo ni lundo lililopanda hata kilele kikapita kilomita 10 juu ya ardhi, linaweza kushika okta mbili tu na likamwaga mvua kubwa yenye ngurumo kwa walio chini yake. Walio mbali kidogo wataendelea kuanika.

Hapo ndipo yanapoingia "maeneo machache", maneno ambayo watu huyapita haraka kana kwamba ni pambo la mtangazaji. Mkoa wetu unaanzia milimani Lushoto hadi pwani ya Pangani. Mchana, hewa inayopanda miteremko ya Usambara hujenga malundo kule juu, na usiku hadi alfajiri, bahari ikiwa na joto kuliko nchi kavu, malundo hujengeka baharini na upepo ukayasukuma pwani, hivyo Raskazone inaweza kulowa ilhali Korogwe vumbi linatimka. Utabiri wa juma zima unapaswa kuyabana yote hayo, kwa siku saba, katika sentensi moja. Ndani ya sentensi hiyo "kiasi" ni la mawingu, "nyepesi" ni la ukubwa wa mvua, na "machache" ni la mahali.

Nilimweleza jirani yangu hayo alipokuwa akiyageuza makopa yake upya, naye akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Sasa mwanangu, hayo maeneo machache ndiyo uani kwangu?" Ndiyo, mama, siku ile yalikuwa pamoja na uani kwako, na neno la kulishika lilikuwa "machache", si "kiasi".